Maneno ya Wino Mwekundu

Kazi ya kumtunza Bibi Nvard ilikuwa na sharti moja ambalo sijawahi kulisikia kwa mwajiri mwingine: nisiseme Kiswahili ndani ya nyumba. Mwanawe, bwana Garo, alinieleza kwa adabu nikiwa nimeshaanza kazi, amekaa kwenye kiti cha jikoni na mikono yake ina grisi, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za majumba marefu ya Hillbrow, hapa Johannesburg. Adabu yake haikunisaidia, nilikasirika. Mimi ni mtu wa Tanga, na kuniambia Kiswahili kikae nje kama viatu ni kunitukana mimi na mama yangu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na mtoto wa miaka sita, Bushra, na chumba cha kupanga huko Berea.

Jina lenyewe la bibi lilinishinda. Ulimi wangu haukukubali N na V zikae bega kwa bega bila kitu katikati, nikawa namwita Bibi Navadi, naye akaitika. Alikuwa Mwarmenia mzaliwa wa Aleppo, kule Syria, amekaribia miaka themanini. Mama yake aliingia Aleppo kwa miguu akiwa msichana, ametoka Uturuki wakati Waarmenia walipokuwa wakiuawa na kufukuzwa, na katika jamaa zake wote alifika peke yake. Alipopata nyumba na watoto aliweka amri: Kituruki kisisikike humo ndani, hata yale maneno ambayo Waarmenia wenyewe walikuwa wameyazoea kwa kukaa na Waturuki karne nyingi. Mtoto aliyeteleza mezani aliweka kijiko chini na kukaa na njaa yake mpaka alete neno la Kiarmenia safi. Bibi Navadi alilelewa hivyo, naye akamlea Garo hivyo hivyo hapa Johannesburg, katika nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park.

Nilipoajiriwa, mwanzoni mwa mwaka 2008, akili ya bibi ilikuwa imeanza kumwacha. Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Garo akaandika vikaratasi kwa wino wa buluu, kwa herufi ninazoweza kusoma, akakibandikia kila kitu jina lake la Kiarmenia ili nipate cha kusema na mama yake. Sisi Waswahili neno geni likibisha hodi tunaliongezea irabu mwishoni, basi limeshakuwa la nyumbani: friji, redio, picha. Waarmenia wale hapana, waliketi wakatunga lao. Friji ni sarnaran, mahali pa barafu. Simu ni heratsayn, sauti ya mbali. Gari ni inknasharzh, kinachojiendea chenyewe. Lililonipendeza kuliko yote ni lusangar, mchoro wa nuru, yaani picha. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa na maneno kama sitini, yote majina ya vitu. Niliweza kusema mkate lakini sikuweza kusema kula.

Ndani ya mlango wa kabati la vyombo Garo alibandika orodha nyingine, ya wino mwekundu. Hayo yalikuwa maneno ya Kituruki yasiyotamkwa. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilicheka. Sabun. Saat. Kahve. Sandik. Haber. Nikamwambia Garo kwamba haya ni ya kwetu, kwamba nimeyasema tangu nikinyonya: sabuni, saa, kahawa, sanduku, habari. Waarabu walikuwa wamewagawia Waturuki na sisi kutoka kapu moja. Garo hakucheka. Aliniuliza kama nilikuwa nimeimba nikifua nguo siku ile mama yake alipojifungia chooni tangu asubuhi hadi saa tisa. Nilikuwa nimeimba. Hapo ndipo sharti lilipozaliwa, na tangu siku hiyo nikitaka kupiga simu nilitoka uani.

Hayo yote nayaeleza ili ieleweke nilifanya nini Jumatatu ile ya mwezi wa tano.

Fujo za kuwafukuza wageni zilikuwa zimeanzia kitongoji cha Alexandra wiki iliyotangulia. Mwishoni mwa wiki zikafika mjini. Maduka ya watu yalivunjwa, watu walipigwa na wengine waliuawa, na kule Berea tulikaa siku nzima ya Jumapili tumezima redio ili tusikie hatua za watu kwenye ngazi. Ilisemekana barabarani unasimamishwa, unaonyeshwa kiwiko, unaulizwa kinaitwaje kwa Kizulu cha ndani, si hiki cha mjini kilichochanganyika na Kiingereza. Tulisikia hata Wavenda na Washangaani, wenyeji kabisa, walipigwa kwa kukwama kwenye neno hilo. Mimi nilijua friji kwa Kiarmenia, lakini kiwiko kwa Kizulu sikukijua. Nilikuwa naogopa mpaka meno yananiuma.

Nilikwenda kazini kwa sababu Garo alinifuata kwa gari alfajiri. Bushra nilimwacha kwa Clémentine, jirani yangu Mrundi, nikamwambia mlango usifunguliwe kwa mtu. Kufika Bertrams, Garo akaitwa kwenye lifti iliyonasa na watu ndani, akaondoka akiniagiza nifunge geti. Sikulifunga. Nilirudisha kufuli mahali pake bila kulibana, nikawaza kwamba wakija nitahitaji njia ya kukimbilia, na kuhangaika na funguo ndiko kutakakoniua. Nilijifikiria mimi tu, na hilo silifichi.

Saa nne kasoro simu yangu ikalia. Ni ndugu yangu Yasini, mdogo wangu wa pekee, aliyekuwa akiuza mikanda na vifuniko vya simu kule Jeppe. Bidhaa zake alizihifadhi katika sanduku la bati. Nilielekea uani kama kawaida, lakini nilipofika mlango wa nyuma nikasikia kwenye uchochoro sauti za wanaume wanaimba na filimbi inapulizwa. Nikarudi jikoni, nikafunga mlango, nikasemea humo humo.

Nilianza kwa kunong'ona. Yasini alisema wako barabara ya pili kutoka kwake, na yeye hawezi kuliacha sanduku, ndilo kila kitu alichonacho. Laini ilikuwa mbovu, akawa hanisikii, nikapandisha sauti. Mwishowe nilikuwa napiga kelele.

"Liache sanduku, Yasini. Sanduku lina nini? Kimbilia kwa askari. Askari wako wapi? Nenda kituoni kwa askari sasa hivi, unipe habari ukifika."

"Dada, wameshafika hapa," alisema, na simu ikakatika.

Nilisimama katikati ya jikoni nimeishika ile simu sijui kwa dakika ngapi. Nilipopata akili ya kwenda kumwangalia bibi, kitanda kilikuwa kitupu. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda, koti halikuwepo msumarini, na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Geti pia. Niliporudi mbio jikoni kuchukua funguo nikaona kwenye meza mkate wa asubuhi haupo. Alikuwa amepita nyuma ya mgongo wangu, akachukua mkate, akaondoka, nami sikugeuka.

Neno askari halikuwa kwenye orodha ya wino mwekundu. Garo hakufikiri kwamba litahitajika. Lakini nilijua bila kuambiwa kwamba na hilo limo kwenye lile kapu moja, na kwamba bibi alikuwa amesikia sauti nyumbani mwake ikipiga kelele za askari na masanduku na kukimbia. Hakukosea hata kidogo. Alisikia sawasawa, akafanya lile alilofundishwa.

Sasa nilikuwa na mambo mawili tu. Nikae ndani nifunge, na mzee wa watu asiye na viatu azurure kwenye mji uliochafuka mpaka agongwe na gari au akanyagwe. Au nitoke. Nakumbuka nililia kwa hasira, nikamtukana bibi, nikamtukana Garo na vikaratasi vyake, nikavua ushungi wangu na kujifunga kitambaa kichwani kwa nyuma kama wanawake wa huku wanavyofunga. Nikatoka.

Barabara ilikuwa tupu, na saa nne asubuhi Bertrams haiwi tupu. Spaza, lile duka dogo la kona, ilikuwa imefungwa. Taa za barabarani, robot kama zinavyoitwa huku, zilikuwa zinabadilika rangi bila gari hata moja kusimama wala kupita. Nilitaka kumwita, nikakwama: nimwite kwa lugha gani? Nikimwita kwa Kiswahili, bibi atazidi kukimbia, na watakaonisikia ni wale wenye filimbi. Kiingereza kilishamtoka. Na hata kwa Kiarmenia sikuwa na neno la njoo. Kwa hiyo nikaita nilivyonavyo.

"Ojar," niliita. Hiyo ni sabuni. "Hats. Baduhan. Sarnaran."

Mtu mzima, mama wa mtoto, natembea barabarani naita sabuni, mkate, dirisha, mahali pa barafu. Wakati mwingine ningecheka. Siku ile niliyaita kwa sauti ya mtu anayebembeleza, kwa sababu sauti ndiyo pekee iliyobaki ya kumwambia asiniogope. Mwanamke mmoja alichungulia dirishani, akanitazama, akashusha pazia. Nikafikiri, huyo amejua mimi ni mgeni, atawaita. Nikaendelea kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza.

Barabara ya tatu nilikuta vitu vya watu vimetupwa nje ya nyumba moja. Magodoro, sufuria, viatu vya watoto, na kabati la nguo limelazwa ubavu karibu na ukuta. Mlango wa nyumba ulikuwa umevunjwa na ndani hakukuwa na mtu. Niliona kipande cha mkate chini, kisha kingine. Bibi Navadi alikuwa amejibanza kati ya kabati na ukuta, amekunja magoti, koti limemfunika mpaka usoni. Miguu yake ilikuwa inatoka damu.

Aliponiona alijivuta nyuma, mgongo ukagonga ukuta. Aliniogopa mimi. Sijui kama naweza kueleza vizuri lilivyonichoma hilo. Miezi minne nimemwogesha, nimemlisha, na sasa uso wake ulikuwa uso ule ule niliokuwa nao mimi jana yake nikisikiliza ngazi za Berea. Nikachuchumaa nikamwambia kwa upole, "Chur. Hats. Lusangar." Maji, mkate, mchoro wa nuru. Alinitazama mdomo.

Ndipo wakatokea kwenye kona. Walikuwa kama ishirini, wana marungu na vyuma, na wengine walikuwa vijana wadogo tu wanaocheka. Walikuwa hawajaniona. Nilijua natakiwa kulala chini lakini mwili ulikataa. Na kitu kibaya kuliko vyote, nilisikia mdomo wangu unafunguka, na Kiswahili kinapanda chenyewe kutoka kifuani: Ewe Mola wangu. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Bibi Navadi alinishika sketi akanivuta kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nikaanguka juu yake, akanigeuza, akaniziba mdomo kwa kiganja chake chote. Kiganja kilinuka mkate. Akanikandamiza kichwa changu kifuani kwake, tukakaa hivyo nyuma ya kabati, nami nikasikia moyo wake. Ulikuwa unakwenda taratibu kuliko wangu.

Wengi wao walipita. Mmoja alibaki nyuma akachagua kwenye sufuria, akazigonga gonga kuona ipi haijatoboka. Kisha akaja kwenye kabati. Alivuta mlango wa upande wake, nikaona ubao uliokuwa mbele ya pua yangu unatikisika. Hakukuwa na kitu ndani. Akasimama. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, na nilikuwa nimekubali kufa, nawaza tu Bushra ataambiwa na nani. Mwenzake akamwita kutoka mbele. Akachukua sufuria yake akaenda.

Bibi hakuniachia. Alisubiri filimbi iende mbali, kisha akaleta midomo sikioni kwangu akasema sentensi fupi. Akaondoa kiganja kidogo, akanitazama, anangoja. Sikuelewa. Akaniziba tena, akasema tena, akafungua. Nikaelewa kwamba nirudie. Nikarudia vibaya. Akatikisa kichwa, akaniziba, akasema tena, polepole, kama mwalimu wa chekechea. Sijui ni mara ngapi. Alikuwa mkali na hakuwa na haraka, na hakuondoka pale mpaka nilipoisema bila kukosea.

"Ben muslumanim. Adim Fatma."

Mimi ni Mwislamu. Neno hilo moja nililitambua, na jina la Fatma nililitambua. Nilidhani amenigundua. Nilidhani ananiambia mimi ndiye yule, mmoja wa wale wa hadithi za mama yake, na kwamba ananilazimisha kukiri. Nilikuwa naswali chumbani kwake kila adhuhuri akiwa amelala, na sikuwahi kumweleza. Lakini nilipoisema sawasawa alinipapasa shavu, akanipa kipande cha mkate, akainuka mwenyewe akanishika mkono. Tukarudi nyumbani hivyo, yeye mbele.

Nilifunga kufuli. Nikamwosha miguu, nikaifunga vitambaa, akalala. Saa tisa Yasini akapiga simu kwa namba ya mtu mwingine. Alikuwa kwenye uwanja wa kituo cha polisi pamoja na mamia ya watu, amepasuka kichwa na sanduku limechukuliwa, lakini yuko hai. Nililia nimeegemea friji. Nilimwachia aongee yeye.

Garo aliporudi jioni nilimwambia kila kitu kwa utaratibu: geti, Kiswahili, askari, barabara tatu. Nilikuwa nimeshakusanya mfuko wangu, kwa sababu mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningenifukuza. Alisikiliza amesimama. Mwisho nikamwambia kwamba mama yake amenifundisha maneno ya Kiarmenia ambayo sikuyapenda, nataka kujua kwa nini, nikamtamkia ile sentensi kama nilivyofundishwa.

Garo alivuta kiti akakaa. Akaniomba niseme tena, nikasema tena.

"Hicho si Kiarmenia," alisema. "Hicho ni Kituruki."

Kisha akanieleza. Bibi yake Garo, yule mama wa Bibi Navadi, alipokuwa njiani kwenda Aleppo, msichana wa miaka tisa, askari walipouliza wewe nani, alijibu hivyo. Mimi ni Mwislamu, jina langu Fatma. Alijibu hivyo mara nyingi, na watu walimwamini wakampa maji na mahali pa kulala, na kwa sentensi hiyo alifika. Garo alilijua jambo hilo kwa kuambiwa na shangazi mmoja. Hakujua kwamba bibi yake, mwenye amri ile ya kijiko, alikuwa amemfundisha binti yake sentensi hiyo kwa siri, ije imfae siku yoyote. Garo alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwahi kumsikia mama yake akitamka neno hata moja la lugha ile.

Aliinuka akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha mama yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Aliniambia kwamba tangu kesho niseme Kiswahili changu humu ndani nipendavyo. Nilimshukuru. Lakini nilijiona mtu aliyefunguliwa mlango akiwa hana tena hamu ya kupita.

Alinirudisha Berea kwa gari. Bushra alikuwa amekaa kitandani kwa Clémentine anakula chipsi, hana habari na dunia. Nilimchukua chumbani kwetu nikafunga mlango, nikamkalisha mbele yangu. Mtoto wangu alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa lakini akijibu anajibu kwa Kiingereza au Kizulu, na kwa hilo nimemgombeza mara nyingi, nikimwambia anamwaibisha bibi yake aliyeko Tanga. Siku ile sikumgombeza. Clémentine alinisaidia kuipata sentensi ya Kizulu kwa msichana wa ghorofa ya chini, na niliomba mji usitajwe kwa jina la Kizungu, bali kwa lile la zamani linalotumiwa na Wazulu wenyewe.

Nikamwambia Bushra asikilize. "NginguNomsa," nilisema. "Ngizalwa eMnambithi." Mimi ni Nomsa, nimezaliwa Mnambithi.

Alicheka, akanisahihisha matamshi. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, mama, Nomsa ni nani?

Nikamshika kidevu, nikamwambia aseme tena.